Ngozi ya Tairi

Padri aliyembatiza Modest hakuwa na namna ya kujua. Jina lenyewe maana yake ni mtu wa kiasi, na mtoto aliyeletwa kanisani siku ile alikuwa wa kiasi kweli, amefungwa kwenye kanga moja akaenea. Miaka thelathini na minane baadaye, mlango wa nyumba yake mwenyewe pale Nambis alikuwa akiupita kwa kuinama na kwa ubavu, na kwenye benchi la kanisa watu walimwachia nafasi ya wawili bila kuambizana. Vijana wa bodaboda walimpenda kwa mazungumzo yake, wakamwogopa kwa uzito wake.

"Daktari, wewe na huo mtungi wako ni mishikaki," walimwambia, yaani abiria wawili juu ya pikipiki moja, na nauli wakaipiga mara mbili.

Mtungi ule ndio uliokuwa kazi yake. Ndani yake, katika baridi kali kuliko usiku wowote wa Mbulu, zililala mbegu za madume ya maziwa, na Modest alizunguka nazo akipandisha ng'ombe wa watu kwa mrija. Ni kazi ya saa, si ya siku. Ng'ombe akionyesha joto asubuhi, jioni awe amehudumiwa. Ukimfikia kesho yake mchana, utamkuta anacheua kwa utulivu, anakutazama kama mtu aliyekuja kwenye harusi baada ya sufuria kuoshwa. Subiri siku ishirini na moja.

Zamani alikuwa na pikipiki yake ndogo. Ilimbeba miaka minne, kwenye vilima ikipanda kama bibi anayetoka kisimani, inasimama, inapumua, inaendelea. Mwezi wa tatu, katika masika, fremu ilikatika katikati kwenye njia ya Gehandu, na fundi aliyeletwa kuitazama alivua kofia.

Tangu hapo alichelewa. Na aliyeumia zaidi kwa kuchelewa kwake ni Letisia wa Gehandu, mama mwenye ng'ombe wanne na mdomo mmoja uliotosha kwa wote. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji, na ng'ombe wa kikundi hicho, pamoja na wa wenzao wa Balangdalalu, ndio waliompa Modest zaidi ya nusu ya riziki yake.

"Hallo, Daktari Keshokutwa," alisema siku moja kwenye simu. "Ng'ombe wangu hajui keshokutwa. Anajua leo."

"Mama Letisia, njia imekuwa tope."

"Tope ni la Mungu, kuchelewa ni kwako. Sikiliza, mwanangu. Sisi tunakupenda, lakini mapenzi hayatoi maziwa. Wametuambia mwezi wa nane Katesh inaletewa kijana mpya mwenye mtungi wake. Mpaka hapo, ukiwa unafika, tunabaki na wewe. Ukiwa hufiki, usitulaumu."

Hivyo ndivyo alivyoanza kuiota pikipiki ya Mzee Theodory.

Mzee Theodory alikuwa bwana afya mstaafu. Alitoka Kagera akiwa kijana, akapangiwa Mbulu, akaoa Filomena wa hapa hapa, na mwaka wa thelathini na moja ulikuwa umemkuta angali hapo, juu kidogo ya mji, akipanda migomba ambayo baridi iliikataa. Chini ya banda lake la mabati ilisimama pikipiki kubwa, injini ya mia mbili na hamsini, tangi jekundu, shokapu ndefu, kimo cha mbuni. Goti lilipomshinda kupiga kiki, aliiegesha. Kila Jumamosi aliifuta vumbi, na kila aliyeulizia bei alijibiwa na kukatishwa tamaa kwa pumzi moja.

"Milioni mbili na nusu," alimwambia Modest. "Lakini hiyo ni bei ya kuinunua. Bei ya kuwa nayo ni nyingine. Kuzaa si kazi, Daktari, kazi ni kulea."

"Nisomee, mzee."

"Haya. Kwanza inakunywa. Lita moja ya ile yako ndogo, hii inakunywa mbili na kulamba mdomo. Oili yake si ile ya kupimiwa kwenye chupa ya soda. Tairi zake Mbulu hakuna, zinatoka Arusha. Cheni, sproketi, plagi, vyote Arusha. Fundi anayeijua ni mmoja, yuko Babati, na anajua kwamba yuko mmoja. Bima kila mwaka. Na ukianguka nayo, huanguki kama mtoto, unaanguka kama mti."

Mzee akasimama kando ya pikipiki, akamwelekeza Modest kupiga kiki. Injini iliamka kwa sauti nene, ya kifuani, sauti ya fahali aliyeshiba. Modest aliketi juu yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utu uzima, chombo cha moto hakikulalamika.

Jioni ile alimkuta mkewe, Mectilda, akipepeta maharage uani. Alimweleza yote, na alipofika kwenye bei, ungo ulisimama.

"Utaipata wapi?"

"Vikoba tutapata laki saba. Iliyobaki..." Akatazama zizini.

"Usimtazame."

"Sijamtazama."

"Umemtazama, Baba Yona. Na yeye amekuona."

Aliyetazamwa alikuwa Neema, mtamba wa kwanza wa maziwa katika nyumba ile, mwenye mimba ya miezi saba. Mectilda alimlea kwa chupa tangu siku ya tatu. Katika hesabu zake za kimya, maziwa ya Neema, ambayo hayajatoka bado, yalikuwa yamekwisha kulipa ada ya Yona, bati sita za jikoni, na meno ya mama yake mzazi.

"Na hapo umehesabu gharama za pikipiki tu," Mectilda aliendelea, akaanza tena kupepeta, safari hii kwa nguvu. "Umehesabu gharama za kuonekana nayo? Sasa hivi kadi ya harusi ikija hapa wanatuandikia elfu ishirini. Wakiona tangi jekundu limesimama mlangoni, wataandika hamsini. Kwenye ujenzi wa nyumba ya katekista tutapewa mifuko mitatu. Mgonjwa yeyote kuanzia hapa mpaka bondeni ni wako. Mbuzi wa shemeji akitaka kwenda mnadani ni wako. Na mama yako atataka kwenda kila jubilei."

"Mama hapandi pikipiki."

"Hapandi pikipiki ndogo."

Modest akatikisa kichwa kukubali, maana alimjua mama yake.

"Simuuzi Neema kabla hajazaa," Mectilda akahitimisha. "Nenda kamwombe mzee muda. Akikataa, tutafikiri. Lakini mwombe kwanza."

Basi Modest akarudi Mbulu, akaamkia, akaketi, akazunguka mbuyu kidogo, akaomba muda. Mzee Theodory alimsikiliza huku akisugua goti. Alimpenda kijana huyu. Wengine wote waliokuja waliuliza inakwenda mwendo gani. Huyu alikuwa ameuliza inatunzwaje.

"Usinunue kwa hamu," alisema mzee. "Ichukue. Kaa nayo. Itunze kama yako, uone yenyewe inavyokula na inavyotoa. Halafu utakuja tuzungumze."

Modest alihisi masikio yake yakipata moto. "Nikae naye, mzee? Nimtunze?"

"Ndiyo, kaa nayo. Itunze."

Alimshika mzee mkono kwa mikono yake yote miwili, akainama mpaka kimo chake kikawa cha mtu wa kawaida. Mzee Theodory alishangazwa kidogo na shukrani nzito namna ile kwa jambo la kujaribu pikipiki, akadhani ni adabu ya malezi. Siku hiyo Filomena alikuwa Arusha kwa binti yao Eva. Angekuwepo, hadithi ingeishia hapo hapo kwenye kibaraza.

Maana kwa watu wa nyanda hizi, ng'ombe anaweza kuwa wako na asilale kwako. Unamwambia rafiki: chukua, kaa naye, mtunze. Tangu siku hiyo, maziwa ni ya mtunzaji, na samadi ni yake. Majani na maji na kuamka usiku ni juu yake vilevile. Ndama ni wa mwenyewe. Anaweza kukaa hivyo miaka kumi, na hakuna karatasi, kuna heshima tu. Na ng'ombe yule akifa, mtunzaji hapigi simu na kunyamaza. Anachuna ngozi, anaibeba mwenyewe mpaka kwa mwenye mali, anaitandaza mbele yake ili aione, asije akafikiri ameibiwa au ameliwa.

"Amekupa kutunza?" Mectilda alishika kiuno. "Mzee wa Bukoba? Anazijua desturi hizi?"

"Miaka thelathini na moja, Mama Yona. Jiwe likikaa mtoni muda huo, hulowa."

"Na hatuuzi mtu?"

"Hatuuzi mtu."

Mectilda alikwenda zizini akamkuna Neema katikati ya pembe, taratibu, akimwambia mambo ambayo Modest hakuyasikia.

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa mizuri. Aliondoka Nambis umande ukiwa bado kwenye viazi, akashuka mteremko mtungi umefungwa nyuma kwa mpira, mlima Hanang ukimkaribia mbele kama mwenyeji anayekuja kupokea mizigo. Alifika Gehandu ng'ombe bado anapanda wenzake. Alifika Balangdalalu bila kupata pancha. Mwanzoni alikwenda hata kwa ng'ombe mmoja, akaona mafuta yamekula malipo ya huyo mmoja na kutafuna miguu ya wa pili, ambaye hayupo. Akajifunza. Akamwambia Letisia awe anazungukia majirani kwanza, wakifika watatu ampigie. Ng'ombe wa kwanza na wa pili wakawa wa petroli na oili, wa tatu ndiye wa nyumbani.

"Siku hizi unaitwa Daktari Leo," Letisia alimwambia, akimpa maziwa mgando kwenye kibuyu. "Lakini usivimbe kichwa. Sehemu nyingine zote zimeshavimba."

Na kila aliposhuka mjini alipita kwa Mzee Theodory, kama mtunzaji apaswavyo. Alipeleka nusu debe ya maharage. Mara nyingine akapeleka asali. Aliketi akatoa habari.

"Anaendelea vizuri, mzee. Anakunywa vizuri. Ile sauti ya kukohoa asubuhi imeisha, nilimsafisha kabureta."

"Vizuri sana, vizuri sana," alijibu mzee, akisubiri neno la bei. Neno la bei halikuja. Modest alikunywa chai, akaaga, akaondoka kwa ngurumo. Mzee Theodory alibaki na maharage yake. Unamdaije mtu aliyekuletea asali? Wiki ijayo, alijiambia. Wiki iliyofuata, asali nyingine.

Mwezi wa saba, kwenye mteremko wa Balangdalalu, tairi la nyuma lilipasuka. Lilitoa mlio kama mti unaovunjika, pikipiki ikayumba, na Modest akaketi kwenye majani akiwa mzima, mtungi ukiwa mzima, akishukuru Mungu kwa ukubwa wa matandiko aliyompa. Fundi wa pale alilitazama tairi, akasema hilo ni la Arusha, na bei yake ni mbuzi mmoja na nusu.

"Nikuagizie?"

"Siwezi kuamua," alisema Modest. "Si langu. Lifungue nilipeleke kwa mwenyewe."

Kwa hiyo Alhamisi saa nne asubuhi aliteremka kwenye bodaboda mlangoni kwa Mzee Theodory, tairi kubwa limemning'inia begani. Alikuwa amelala macho. Kuna jambo lilikuwa moyoni mwake, na lilikuwa zito kuliko tairi.

Mzee naye hakuwa amelala vizuri. Jana yake alikuwa amepigiwa simu na Herman, mfanyabiashara wa Katesh, mwenye fedha taslimu. Herman alikuwa anakuja Jumamosi. Na mzee alikuwa ameapa kwamba leo, asali au si asali, atasema.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Safari hii Filomena alikuwepo, anachambua mboga kibarazani.

"Marahaba."

Modest hakuketi. Alilitua tairi katikati ya uwanja, akalilaza chali, akaligeuza ili sehemu iliyopasuka ielekee kwa mzee, akarudi nyuma hatua mbili na kuvua kofia.

"Mzee, nimekuletea ngozi."

Kuku mmoja alikuja akalitazama tairi, akaondoka.

"Ngozi ya nini?" aliuliza Mzee Theodory.

"Ya tairi la nyuma, mzee. Alifia Balangdalalu jana."

Filomena aliweka kisu chini. Alitazama tairi, akamtazama Modest aliyevua kofia, akamtazama mumewe aliyeachama, na kicheko kilimwanzia tumboni, kikapanda, kikamtoa machozi, akashika nguzo.

"Mama Eva, kuna nini cha kuchekesha? Mimi nasubiri kuongea na huyu mambo ya bei, Herman anakuja Jumamosi na fedha..."

Modest alisikia jina la Herman na neno fedha, akasogea hatua moja mbele. "Herman? Unamwuza, mzee? Mnyama aliye kwa mtu?"

"Aliye kwa nani?"

"Wewe ulimwambia nini siku ile?" Filomena alimwuliza mumewe, akijifuta macho kwa kanga. "Neno kwa neno."

"Nilimwambia aichukue, akae nayo, aitunze."

"Basi ulimpa kutunza! Miaka thelathini na moja unakula ugali wa watu hawa, hujui kukaa na mali ya mtu ni nini? Hata baba yangu ng'ombe wake wawili walikuwa Dongobesh kwa mtu mpaka anakufa. Huyu maskini amekuwa anakuletea asali ya heshima, wewe unadhani ni riba."

Akamweleza yote. Mzee Theodory alisikiliza, mkono kwenye goti, uso ukibadilika pole pole.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "miezi yote hii mwenye pikipiki ni mimi?"

"Ni wewe, mzee," alisema Modest. "Mimi nakunywa maziwa tu."

"Na tairi hili ni langu?"

"Inategemea lilivyokufa," alisema Filomena. "Likifa kifo cha Mungu, ni lako. Likifa kwa uzembe, ni lake. Wewe si ulikuwa mkagua nyama? Kagua."

Bwana afya mstaafu alivaa miwani. Alipiga goti moja kwa shida, akalipapasa tairi kwa kidole gumba, inchi kwa inchi, kama alivyopapasa maini ya ng'ombe machinjioni kwa miaka mingi. "Kipara kabisa," alisema. "Hili nililiweka mimi mwenyewe miaka kumi iliyopita. Huu ni uzee. Kifo cha..."

"Mzee, subiri," alisema Modest.

Alikuwa anaweza kunyamaza. Hakuna aliyeona. Lakini mtunzaji anayeficha kidonda hapewi mnyama mwingine, wala mwanawe hapewi.

"Siku ile nilibeba pumba. Magunia mawili ya Mama Letisia, kutoka Katesh. Pamoja na mtungi, na... na mimi. Ilikuwa tamaa. Alinilipa nauli."

Filomena aliacha kucheka. Mzee alibaki amepiga goti, amemwinulia uso yule mtu mkubwa aliyesimama na kofia mkononi kama mtoto wa komunio.

"Basi uzee na pumba vimeshirikiana," alisema mzee. "Nusu yangu, nusu yako. Nipe mkono, niinuke."

Modest alimwinua kwa mkono mmoja. "Na Herman, mzee?"

Mzee aliketi, akavua miwani. "Mke wangu, maziwa ni yake, nimeelewa. Lakini ndama? Pikipiki haizai."

"Miaka saba ilikaa bandani kwako ikazaa nini?" alijibu Filomena. "Ilizaa panya. Tuliwatoa chini ya kiti."

"Mzee," Modest akaingilia, "nikipandisha ng'ombe kumi, malipo ya wa kumi yawe yako. Hao ndio ndama."

"Moja ya kumi? Hiyo si zaka?"

"Padri asisikie," alisema Filomena.

Hapo Mzee Theodory akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyekuwa akilinda chuma miaka saba kisioze, asijue kwamba alichotafuta hakikuwa mnunuzi. Fedha za Herman zilikuwa tamu, lakini Herman alikwisha sema wazi kuwa ataifungia kitoroli nyuma ibebe kreti za soda. Mzee aliwaza lile tangi jekundu likivuta kitoroli, akatikisa kichwa. Akatoa simu mfukoni, akaiweka sikioni. Modest alisimama bila kupumua, na hilo kwa kifua chake ni jambo la kuonekana.

"Herman? Ndiyo, habari za Katesh. Usije Jumamosi. Hapana, si bei. Siuzi tena." Akasikiliza. "Hayupo hapa, yuko kwa mtu."

Sauti ya Herman ilisikika mpaka kibarazani, inauliza nani yuko kwa mtu, yeye aliulizia pikipiki.

"Ndiyo huyo huyo," alisema Mzee Theodory, na akamwonyesha Modest kwa mkono kwamba aketi, chai inakuja.